Kazi Isiyo na Zamu: Kuuchagulia Mradi wa Programu Huria Utaratibu Wake

Siku hizi mradi wa programu huria huanza na ubao. Hata mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa, ubao wa mtandaoni umeshafunguliwa, una safu za "Ya kufanya", "Inafanywa" na "Imekwisha". Mmoja amepewa cheo cha msimamizi wa Skramu, mbinu ya kupanga kazi ya timu kwa vipindi vifupi, na kikao cha dakika 15 kimepangwa kila siku saa tatu asubuhi. Wiki ya kwanza wanahudhuria wote. Kufikia wiki ya tatu wawili wana mitihani, mmoja amepata kazi ya mkataba, na msimamizi wa Skramu amebaki na ubao wake.

Skramu haina hatia hapo. Imetungwa kwa ajili ya timu ambayo muda wake unajulikana: kwa kawaida watu wasiozidi 10, kazi iliyokatwa katika vipindi visivyozidi mwezi mmoja, na mtu mmoja anayeamua kipi kitangulie. Hata Ilani ya Ajaili, tamko la mbinu nyepesi za kutengeneza programu, iliyoandikwa na watu 17 huko Snowbird, jimbo la Utah, Februari 2001, inaambatana na kanuni inayosema mazungumzo ya ana kwa ana ndiyo njia bora ya kupashana habari ndani ya timu. Kwa ofisi yenye watu wanaolipwa mwisho wa mwezi, huo ni ushauri mzuri. Mradi huria una hali nyingine: kiongozi wake hamiliki saa hata moja ya mtu mwingine. Mchangiaji anaingia usiku watoto wakishalala, anatoweka miezi miwili, kisha anaibuka na marekebisho mazuri ambayo hakuna aliyeyaomba. Utaratibu usiomstahimili mtu wa aina hiyo utavunjika tu, hata usifiwe vipi vitabuni.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha majina ya mbinu, mwanzilishi ahesabu saa. Nani hasa atafanya kazi, kwa saa ngapi kwa wiki, na saa hizo zinalipwa na nani? Kundi lenye wahandisi wachache wanaolipwa na chuo au shirika linaweza kuendesha Skramu baina yao bila tatizo, ilimradi kila uamuzi uandikwe mahali ambapo mtu wa nje anauona. Kundi la wajitoleaji litafaidika zaidi na Kanbani, mtindo wenye asili yake katika viwanda vya Toyota: kazi zinaorodheshwa, kila mtu anajichukulia anayoiweza, na idadi ya kazi zilizo mikononi mwa watu inawekewa kikomo. Watu huiga ubao wa Kanbani na kukisahau kikomo, ilhali kikomo ndicho chenye manufaa. Mradi wa watu wanne wenye kazi 30 "zinazofanywa" hauna hata moja inayofanywa. Kanuni moja ndogo inatosha kuanzia: kazi isiyoguswa kwa wiki mbili inarudi kwenye orodha, bila lawama. Hilo la lawama lina uzito wake, maana mjitoleaji anayeona haya hukaa kimya, na kimya chake huizuia kazi hiyo isichukuliwe na mwingine.

Wapo pia wanaopaswa kufunga mlango. SQLite, hifadhidata iliyomo karibu katika kila simu ya kisasa, ilianzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000. Msimbo wake hauna hakimiliki, yeyote anaweza kuuchukua na kuutumia atakavyo, lakini kwa kawaida waandishi wake hawapokei msimbo wa watu wa nje. Kundi dogo huandika kila kitu, na msimbo wa kuijaribu programu hiyo ni mkubwa mara mamia kuliko msimbo wa programu yenyewe. Mwenye mradi anayejua kwamba hatapata nafasi ya kukagua kazi za wengine aseme hivyo ukurasa wa kwanza. Ni heri kuliko kuacha marekebisho ya watu yakae mwaka mzima bila jibu.

Mfano wa karibu na nyumbani uko Eldoret. Mwaka 2004, madaktari na wataalamu wa kompyuta wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Marekani, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, walianza kutengeneza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliokuja kuitwa OpenMRS. Mpango wa matibabu ya VVU wa AMPATH ulikuwa ukipanuka haraka, na mfumo mdogo uliotangulia katika kituo cha afya cha Mosoriot, uliojengwa kwa Microsoft Access, usingeweza kubeba mzigo huo. Muda si mrefu shirika la Partners In Health, lililokuwa likifanya kazi Rwanda, likajiunga. Sasa wenye mradi wakawa wametawanyika: Eldoret ikipiga saa tisa alasiri, Indianapolis katika miezi ya kiangazi ndiyo kwanza ni saa mbili asubuhi. Kikao cha kila siku kingekuwa adhabu kwa upande mmoja.

Kilichowawezesha kwenda pamoja kilikuwa ndani ya programu yenyewe. Katika OpenMRS, swali kama "uzito wa mgonjwa" au "amepewa dawa gani" halikupewa safu yake katika jedwali la hifadhidata. Liliingizwa kama neno katika kamusi ya dhana, na majibu yote yakahifadhiwa kwa kurejelea kamusi hiyo. Kliniki inayoanza kuhudumia kifua kikuu inaongeza maneno kwenye kamusi. Haina haja ya kumwamsha mhandisi abomoe hifadhidata. Juu ya hapo wakaweka mfumo wa moduli: timu ya Rwanda ikihitaji ripoti au fomu ya aina yake, inaandika moduli na kuichomeka, bila kusubiri idhini ya Eldoret wala Indianapolis.

Makala nyingi za mbinu za kazi huliruka jambo hili. Umbo la msimbo ndilo linaloamua ni watu wangapi wanaweza kufanya kazi bila kukanyagana. Linux iliweza kupokea maelfu ya wachangiaji kwa sehemu kubwa kwa sababu anayeandika kiendeshi cha kadi ya mtandao hahitaji kuelewa jinsi kumbukumbu ya kompyuta inavyogawanywa. Mradi ambao kila kitu kimo katika faili moja la mistari 4,000 utawalazimisha watu kupanga foleni, na hakuna ubao utakaoifupisha.

Chukulia vijana wanne wa Mwanza wanaotaka kutengeneza programu huria ya vikoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana: hisa, mikopo, mfuko wa jamii, faini za wachelewaji. Kila kikoba kina katiba yake. Hapa riba ni asilimia 10, pale 5. Hapa mkopo hauzidi mara tatu ya hisa, pale inategemea wadhamini. Wakichanganya sheria hizo na msimbo wa kutunza daftari, kila kikoba kipya kitaomba mabadiliko yanayogusa hesabu za fedha za wengine, na wanne hao watageuka makarani wa maombi. Wakilitenga daftari likawa kiini kidogo kinacholindwa kwa majaribio mengi, na sheria zikawa moduli, mtu wa Kigoma asiyewajua ataandika sheria za kikoba cha mama yake wikiendi moja. Wiki ya kwanza itumike hapo kabla ya kujadili ubao wa aina gani.

Baada ya umbo huja kalenda. Swali la toleo litoke lini huweza kugombanisha watu kuliko lugha ya kuandikia programu. Njia ni mbili: kutoa kazi ikiwa tayari, au kutoa tarehe ikifika. Ya kwanza inasikika kama uadilifu, na kwa mradi mpya mara nyingi ni mtego. Debian, mfumo unaoheshimiwa kwa uimara wake, ulitoa toleo la Woody Julai 2002. Lililofuata, Sarge, likatoka Juni 2005. Karibu miaka mitatu watumiaji walikaa na programu zilizochakaa. Katikati ya kusubiri huko, Oktoba 2004, Ubuntu ikatokea, imejengwa juu ya kazi ya Debian hiyohiyo na kugharamiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ahadi yake ilikuwa nyepesi: toleo kila baada ya miezi sita. Ndiyo maana toleo la kwanza lilipewa namba 4.10, yaani mwaka 2004, mwezi wa 10.

Linux yenyewe ilipitia maumivu hayohayo. Toleo la 2.4 lilitoka Januari 2001, la 2.6 Desemba 2003. Kampuni zilizokuwa zikisambaza Linux hazikuweza kusubiri, zikawa zinachomoa vipande kutoka tawi la majaribio na kuvipachika kwenye toleo la zamani, kila moja kwa namna yake, hadi Linux ya kampuni hii ikatofautiana na ya ile. Tangu mwaka 2005 utaratibu ni mwingine. Toleo likitoka, dirisha la kupokea mambo mapya linafunguliwa kwa wiki mbili. Dirisha likifungwa, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anatoa toleo la majaribio la kwanza, na kuanzia hapo kila Jumapili linatoka jingine, likiwa na marekebisho ya kasoro tu. Matoleo hayo ya majaribio yakifika saba au nane, toleo kamili linatoka. Mzunguko mzima ni wiki 9 au 10.

Siri ya mpangilio huo iko katika tabia za watu zaidi ya kompyuta. Toleo linapotoka mara moja kwa miaka mitatu, kila mwandishi ana sababu ya kusukuma kazi yake iingie hata haijaiva, kwani akikosa basi hili atasubiri mpaka nywele ziote mvi. Kila anayesukuma anaichelewesha tarehe, na tarehe ikichelewa wanaosukuma wanaongezeka. Linapotoka kila baada ya wiki 10, aliyekosa anaona ni jambo la kawaida. Mkaguzi anaweza kumwambia "hii bado" bila kuonekana adui, na urafiki unabaki.

Kalenda inawasaidia pia watu wasioandika msimbo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi ya kompyuta kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo ina maelfu ya maneno ya menyu na maonyo, na mfasiri hawezi kulenga shabaha inayohamahama. Miradi iliyokomaa, kama GNOME, eneokazi la kompyuta za Linux, hutangaza siku ambayo maneno yanayoonekana kwenye skrini yanafungwa na hayabadilishwi tena hadi toleo litoke. Kundi la Mwanza, ambalo bila shaka litataka Kiswahili, Kisukuma na Kiingereza, liweke siku hiyo wiki mbili kabla ya toleo.

Halafu kuna mfadhili. Miradi mingi huria ya Afrika Mashariki inaendeshwa kwa ruzuku, na ruzuku huja na jedwali lake la malengo ya robo mwaka, ambalo aghalabu limeandikwa na mtu asiyewahi kuunganisha msimbo wa mtu mwingine. Hapa unahitajika ujanja halali. Kalenda ya matoleo ibaki ya mradi, kisha ripoti iandikwe kutokana na matoleo yaliyotoka. Mradi unaogeuza tarehe ya ripoti kuwa tarehe ya toleo utajikuta kila mwisho wa robo unatoa kitu kilichopakwa rangi kwa ajili ya picha.

Sasa, nani anasema ndiyo? Watu wanne marafiki huona swali hili ni la utovu wa heshima, kwa hiyo hawalijibu mpaka siku wamegawanyika wawili kwa wawili. Hakuna ubaya kuanza na mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Lugha ya programu ya Python iliishi hivyo kwa zaidi ya robo karne chini ya mwanzilishi wake, Guido van Rossum. Lakini hata yeye, kuanzia mwaka 2000, alikuwa na utaratibu wa mapendekezo ya maandishi yenye namba, ambamo mwenye wazo anaeleza tatizo, suluhisho na hoja za wanaopinga. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya pendekezo namba 572, lililohusu alama mpya ya kutunza thamani katikati ya hesabu, aliachia madaraka. Jamii ya Python ikajadili miundo kadhaa ya uongozi, ikapiga kura, na mapema 2019 ikachagua baraza la watu watano. Lugha haikupasuka. Mazoea ya miaka 18 ya kubishana kwa maandishi yalikuwa yameandaa njia.

Wasiotaka mfalme wana mfano wa Apache, seva ya tovuti. Kundi la watu wanane lililoanzisha seva hiyo mwaka 1995 lilikuwa limetawanyika na kila mmoja ana ajira yake, hivyo likazoea kupiga kura kwa barua pepe: +1 kuunga mkono, -1 kupinga. Mambo mawili katika desturi za Apache yanafaa kuigwa. Anayepinga badiliko la msimbo lazima atoe sababu ya kiufundi, la sivyo pingamizi lake halihesabiki. Na kura hukaa wazi kwa saa zisizopungua 72, ili aliye safarini au aliyekatikiwa na umeme apate nafasi. Kwa mambo madogo hata kura haihitajiki; kimya kinahesabiwa kuwa ridhaa.

Kundi la Mwanza linaweza kuyaweka yote hayo katika faili moja fupi ndani ya hazina ya msimbo, kwa maneno ya kawaida: "Badiliko lolote linakaguliwa na mtu mmoja asiyeliandika. Linalogusa daftari la fedha linakaguliwa na wawili. Likikaa saa 72 baada ya kukaguliwa bila pingamizi lenye sababu, linaunganishwa. Tukishindwa kukubaliana, anaamua fulani. Nafasi yake tunaipitia kila Januari." Sentensi tano. Waraka wa kurasa 20 hausomwi na mgeni, na mwenyeji hausomi pia.

Ukaguzi ndio unaomaliza nguvu za watu. Machi 2024 dunia iliona kinachoweza kutokea zikiisha. XZ Utils, programu ya kubana mafaili inayotegemewa na mifumo mingi ya Linux, kwa miaka mingi ilitegemea mjitoleaji mmoja, ambaye alikuwa ameshasema hadharani kwamba nguvu zake zina kikomo na kwamba kazi hiyo hailipwi. Watu waliojitokeza kumlalamikia kwa kuchelewa walimshinikiza aongeze msimamizi. Aliyeongezwa, akitumia jina la Jia Tan, alikuwa amechangia kwa subira zaidi ya miaka miwili. Kisha akaficha mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kupitia SSH kulikuwa kunachelewa takriban nusu sekunde, naye hakuidharau nusu sekunde hiyo.

Undani mmoja wa kisa hicho unauhusu moja kwa moja utaratibu wa mradi mpya. Kipande kilichowasha hila hiyo hakikuwemo katika hazina ya msimbo ambayo kila mtu aliiona. Kilikuwemo katika kifurushi cha toleo kilichoandaliwa na msimamizi mwenyewe. Hivyo kundi lolote, hata la watu wanne wanaoaminiana kama ndugu, lizoee tangu toleo la kwanza kufungasha kwa mashine, kutoka kwenye hazina iliyo wazi, kwa hatua ambazo mtu mwingine anaweza kuzirudia na kupata kitu kilekile.

Majaribio ya kiotomatiki yanahitaji maneno machache tu: yawepo tangu siku ya kwanza, na yaishe ndani ya dakika chache. Yakichukua nusu saa, watu watayakwepa.

Gharama ya mtandao nayo ni sehemu ya mbinu, ingawa vitabu vya ughaibuni haviitaji. Kikao cha video cha saa moja kinakula bando ambalo mwanafunzi wa Tabora amelinunua kwa wiki nzima. Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, kwa bahati nzuri humpa kila mchangiaji nakala kamili ya historia ya mradi. Anaweza kusoma, kulinganisha na kuandika bila mtandao, kisha akatuma badiliko lenye ukubwa wa kilobaiti chache akipata mawimbi. Mradi unaojadili kwa maandishi na kutuma vitu vidogo utampata mtu huyo. Unaoamua kila kitu kwenye kikao cha video utabaki na wenye intaneti ya ofisini.

Vifaa vizito visubiri. Tangu Torvalds atangaze kazi yake huko Helsinki Agosti 1991 hadi mwaka 2002, Linux haikutumia mfumo wowote wa kutunza matoleo ya msimbo. Watu walimtumia marekebisho kwa barua pepe, naye akayapachika. Alipozidiwa akahamia BitKeeper, na leseni ya bure ya BitKeeper ilipoondolewa Aprili 2005, akaandika Git ndani ya wiki chache. Hakuna anayeshauriwa leo kufanya kazi bila Git. Jambo la kuiga ni mpangilio wake: shida ilitangulia, kifaa kikafuata. Kwa mradi mchanga, kipimo kinachofaa kutazamwa kila mwezi ni umri wa badiliko la zamani kabisa linalosubiri kukaguliwa. Ukizidi mwezi, atafutwe mkaguzi mwingine kabla ya kuongeza ubao, roboti au kikao.

Julai 2005, miezi mitatu baada ya kuiandika Git, Torvalds aliikabidhi kwa Junio Hamano, ambaye ameitunza kwa miaka mingi tangu hapo. Wanne wa Mwanza wajipange kwa makabidhiano ya namna hiyo mapema: anwani ya tovuti, akaunti ya duka la programu, ufunguo wa kutia sahihi matoleo na nywila ya seva viwe mikononi mwa watu wawili, na akaunti hizo zisajiliwe kwa barua pepe ya mradi. Zikisajiliwa kwa Gmail ya mmoja wao, siku akipata ajira Dubai na kubadilisha namba ya simu, vikoba vitakavyokuwa vikiitumia programu hiyo havitapata tena toleo jipya.